Soko Huru, Lakini Huru kwa Nani?

Siku hizi twasikia neno moja likirudiwa kila mahali: soko huru. Wafanyabiashara hulisema, redio hulisema, wakubwa wa serikali hulisema, hata vijana waliotoka shuleni juzi hulitaja kana kwamba ni fundisho la katekisimu. "Acheni soko liende lenyewe," wanasema. "Mwenye kuuza auze, mwenye kununua anunue, wapatane bei wao wenyewe, na serikali ikae mbali." Neno hili ni tamu masikioni. Lakini sisi tunaofundisha katika vijiji vya Rutshuru, na kila juma twaketi pamoja na wakulima katika mashirika yao, hatuna budi kuuliza: soko hilo ni huru kwa nani?

Hatulipingi soko huru. Twasema hivyo waziwazi tangu mwanzo, ili mtu asitusingizie. Soko likiwa huru kwa kweli ni baraka. Mama anayeleta maharagwe yake Kiwanja akikuta wanunuzi watano, kila mmoja akimwita, atamwuzia yule mwenye bei nzuri na mizani ya kweli. Mdanganyifu atarudi nyumbani na magunia matupu. Hapo hapahitajiwi polisi wala amri ya mkubwa. Wanunuzi wenyewe wanachungana. Ndiyo faida ya ushindani: humlazimisha hata mtu asiye na huruma kutenda haki kidogo, maana asipoitenda jirani yake atamnyang'anya wateja.

Lakini waondoe wanne kati ya hao watano. Amebaki mmoja. Siku ya soko ni ile ile, uwanja ni ule ule, tena hakuna askari anayemshurutisha mama kuuza. Hata hivyo kitu kimekufa. Jambo hilo huitwa ukiritimba: mtu mmoja, au kampuni moja, au wachache waliopatana kwa siri, kuishika biashara nzima hata wengine wasiwe na mahali pengine pa kwenda. Na sisi twasema hivi: ukiritimba ukiingia, soko huru limekwisha, hata kama jina lake bado linatajwa. Kulirudisha ni kazi ya serikali. Serikali isiyofanya kazi hiyo isijisifu kwamba imewaachia watu uhuru. Imewaacha mikononi mwa mwenye nguvu.

Jinsi mlango unavyofungwa

Wengine hufikiri ukiritimba ni jambo la Ulaya, au la Kinshasa, la makampuni yenye nyumba za ghorofa. Sivyo. Huanzia hapa kwetu, mlimani.

Udongo wetu ni mzuri, ni udongo wa volkano. Wilaya ya Rutshuru hutoa maharagwe, mahindi, soya, ndizi na kahawa, na mji wa Goma hula sehemu kubwa ya chakula chake kutoka kwetu, kwa njia isiyozidi sana kilometa 70. Kwa hiyo wanunuzi wangepaswa kugombania magunia yetu. Mbona basi mara nyingi mkulima hukuta mnunuzi mmoja tu?

Kwanza ni gari. Njia za milimani ni mbaya. Wakati wa mvua ni magari machache yanayofika. Mwenye gari ndiye mwenye bei. Mkulima anaweza kukataa, ndiyo, lakini akikataa atalibeba gunia mgongoni mpaka wapi?

Pili ni deni. Kabla ya mavuno, wakati nyumba haina kitu na mtoto amefukuzwa shuleni kwa ajili ya karo, mnunuzi huja na pesa mkononi. Huyanunua maharagwe yangali maua, huinunua kahawa ingali mbichi mtini, kwa bei anayoitaja yeye. Siku ya mavuno soko likipanda, mkulima hana lake tena, amekwisha kuuza. Huyo aliyemkopesha hakumwibia kwa nguvu. Alimsubiri tu siku ya njaa.

Tatu ni mapatano. Hata wanunuzi wakiwa watatu, jioni huketi pamoja na kukubaliana: kesho hakuna atakayepita bei fulani. Asubuhi mkulima huzunguka kwa wa kwanza, kwa wa pili, kwa wa tatu, na bei ni ile ile. Adhani ndiyo bei ya dunia. Kumbe ni bei ya meza moja.

Nne ni bariere. Mwaka 2017 watafiti walihesabu vizuizi vya barabarani katika Kivu mbili, ya Kaskazini na ya Kusini, wakapata 798. Kila kizuizi kina mkono ulionyoshwa. Mchuuzi mdogo mwenye magunia mawili hulipa hata faida yote ikaisha. Mwenye magari kumi hulipa mara moja, akapeana mkono na wakubwa, akapita. Hivyo bariere haichukui pesa tu. Inawaua wachuuzi wadogo, na kumwachia mkubwa barabara nzima. Watu huilalamikia bariere kama kodi. Yafaa waione pia kama mlezi wa ukiritimba.

Mambo hayo manne yakikutana, mkulima ana uhuru gani? Ana uhuru wa kuuza kwa hasara au kuacha mali yake ioze. Huo si uhuru wa kujivunia.

"Mwenye bidii ashinde"

Twajua tutajibiwa. Watasema: "Ninyi mwawaonea wivu wenye mali. Yule mwenye gari alilinunua kwa jasho lake. Mwenye bidii ashinde, mvivu ashindwe. Serikali ikianza kuwapiga waliofanikiwa, nani atafanya kazi tena?"

Neno hilo lina ukweli wake, basi tulitenganishe vizuri. Kushinda kwa kuuza kitu bora, kwa bei ndogo, kwa kuamka mapema, si dhambi. Na serikali haina ruhusa ya kumwadhibu mtu kwa sababu amekuwa mkubwa. Lakini mtu akiisha kushinda, halafu akaufunga mlango nyuma yake ili mwingine asiingie, hiyo siyo bidii tena. Mkimbiaji aliyefika wa kwanza apewe zawadi. Mkimbiaji anayechimba mashimo njiani ili wenzake waanguke atolewe uwanjani. Sheria njema hautazami ukubwa wa mtu, hutazama matendo yake.

Tena watu wa Vitshumbi na Nyakakoma waweza kutufundisha jambo hili bila kitabu. Katika ziwa Edward uvuvi una sheria: vijiji vya wavuvi vinavyoruhusiwa upande wetu ni vitatu tu, yaani Vitshumbi, Nyakakoma na Kyavinyonge, mitumbwi ina hesabu yake, na nyavu za macho madogo zimekatazwa. Je, sheria hizo ni adui wa mvuvi? Miaka ya vita imejibu. Vilipozaliwa vijiji vya uvuvi visivyo na kibali, wenye bunduki wakalinda nyavu haramu, samaki walipungua, na aliyeumia kwanza ni mvuvi mdogo anayefuata sheria. Hakuna aliyesema: "Liacheni ziwa liende lenyewe." Soko nalo ni kama ziwa. Lisipokuwa na mlinzi, mwenye wavu mkubwa atachukua hata vifaranga, na kesho hapatakuwa na samaki kwa yeyote.

Nchi yetu ilikwisha kujaribiwa

Anayetaka kujua mwisho wa maneno matamu juu ya biashara huru asiende mbali. Asome habari ya Kongo.

Tarehe 26 Februari 1885 mataifa makubwa yalitia sahihi mkataba huko Berlin. Mkataba ule ulitangaza kwamba katika bonde la Kongo biashara itakuwa huru kwa mataifa yote, na kifungu cha 5 kilikataza wazi kumpa mtu yeyote ukiritimba au upendeleo katika biashara. Angalieni basi: nchi yetu ilizaliwa na sheria ya kupinga ukiritimba ubatizoni mwake! Pengine hakuna nchi nyingine duniani iliyopata mwanzo wa namna hiyo.

Ikawaje? Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alitangaza kwamba ardhi yote isiyokaliwa ni mali ya serikali yake. Kisha, kuanzia mwaka 1891 na 1892, mawakala wake wakawaambia wanavijiji kwamba mpira na pembe za ndovu za ardhi hiyo ni mali ya serikali, na kuziuza kwa mfanyabiashara mwingine ni wizi. Sehemu kubwa za msitu zikagawiwa makampuni kama ABIR, iliyoanzishwa mwaka 1892. Hata wafanyabiashara wa Kibelgiji walilalamika, maana mlango ulifungwa usoni pao. Mnunuzi akabaki mmoja. Na mnunuzi akiwa mmoja, tena ana bunduki, bei inakuwa nini? Bei ikawa kiboko, na wanawake kushikwa rehani mpaka waume warudi na mpira.

Kijana mmoja Mwingereza, E. D. Morel, karani wa kampuni ya meli, aliutambua uovu huo kwa hesabu tu. Kwenye bandari ya Antwerp aliona meli zikija kutoka Kongo zimejaa mpira na pembe, na zikirudi Kongo na bunduki na risasi, bila bidhaa za kutosha za kuwalipa wenyeji. Akasema moyoni: hapa hakuna biashara, maana wanaotoa mali hawapokei kitu. Mwaka 1904 ikatoka taarifa ya konsuli Roger Casement, na dunia ikasikia.

Sasa tuulize: je, soko lenyewe ndilo lililouvunja ukiritimba ule? Hapana. Mpira uliendelea kuleta faida kubwa, na soko halikuona haya. Uliovunjwa ulivunjwa kwa sauti ya watu na kwa mkono wa serikali. Ubelgiji iliichukua nchi kutoka kwa mfalme mwaka 1908, na kuanzia Julai 1910 hadi Julai 1912, kwa hatua tatu, biashara ya mazao ya msitu ilifunguliwa tena. Hatusemi kwamba ukoloni uliofuata ulikuwa wa haki. Hapa Kivu, mwaka 1928, ilianzishwa Comité National du Kivu, ikapewa uwezo wa kugawa ardhi kubwa kwa walowezi, na wazee wetu hawakuulizwa. Lakini somo la 1885 latosha: maneno "biashara huru" yaliyoandikwa kwenye karatasi, bila mlinzi, yaligeuka kuwa pazia la mwizi.

Serikali nayo isijifanye mfanyabiashara

Hapa wengine watashangilia na kusema: "Vema! Basi serikali iyachukue makampuni yote, ipange bei zote, iwape wananchi." Pole pole, ndugu. Hilo nalo tumekwisha kulionja.

Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba maduka, mashamba makubwa na biashara za wageni zitapewa Wazaire. Watu walipiga vigelegele. Lakini nani alipewa? Walipewa wale walioitwa acquéreurs, yaani watu wa chama, jamaa za wakubwa, rafiki za rafiki. Wahenga walisema: mgawa hujigawia. Maduka mengi yaliuzwa mpaka rafu zikawa tupu, pesa ikaliwa, bidhaa mpya hazikuagizwa. Mashamba ya kahawa na chai ya Kivu yalibadilisha bwana, lakini kibarua hakubadilisha maisha. Mwaka 1976 serikali yenyewe ilianza kuwarudishia wageni sehemu ya mali zao.

Kosa lilikuwa wapi? Halikuwa katika kugusa makampuni makubwa. Lilikuwa katika kuung'oa ukiritimba wa mmoja na kuupanda ukiritimba wa mwingine. Kazi ya serikali sokoni ni kama kazi ya mwamuzi katika mpira wa miguu. Mwamuzi hapigi penalti, wala hachezi upande mmoja. Lakini asipokuwapo uwanjani, au filimbi yake ikinunuliwa, mchezo unageuka vita.

Wanaolisifu soko huru wanafanyaje kwao?

Yafaa wale wanaotuhubiria soko bila mlinzi watazame nchi wanazozisifu. Marekani, nchi inayojivunia soko huru kuliko zote, iliweka sheria ya kupinga ukiritimba mwaka 1890, inaitwa Sherman. Kulikuwa na kampuni ya mafuta, Standard Oil ya bwana Rockefeller, iliyoshika karibu mafuta yote ya taa yaliyosafishwa nchini. Ilifanyaje? Kwa sehemu kwa akili na bidii, ni kweli. Lakini pia ilipatana kwa siri na makampuni ya reli ili isafirishe mafuta yake kwa bei ndogo, huku washindani wake wakilipa bei kamili. Ni hadithi ile ile ya gari na bariere, ila ilikuwa ya reli. Mwaka 1911 mahakama kuu iliamuru kampuni hiyo igawanywe, ikawa makampuni 34. Marekani haikufilisika kwa ajili hiyo. Na jambo hili halijawa la kale: mwezi Agosti 2024 hakimu wa Marekani aliamua kwamba Google imevunja sheria hiyo hiyo ya 1890 kwa kuulinda ukiritimba wake katika utafutaji wa habari kwenye intaneti.

Mtasema, Marekani ni matajiri, sisi tu watu wa jembe. Basi tazameni Kenya, jirani. Mwezi Desemba 2023, Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliitoza faini ya shilingi bilioni 1.1 kampuni ya Majid Al Futtaim, inayoendesha maduka makubwa ya Carrefour katika nchi hiyo. Kesi ilihusu wauzaji wawili waliopeleka bidhaa dukani: mmoja wa asali, mwingine wa mafuta ya kupikia. Mamlaka iliona kwamba duka lilitumia vibaya nguvu ya mnunuzi: lilidai punguzo juu ya punguzo, lilidai malipo ili bidhaa ziingie rafuni, likawabebesha wauzaji hasara na gharama ambazo ni za duka. Liliamriwa kuwarudishia fedha na kuyafuta masharti hayo katika mikataba.

Fikirini, wasomaji wapenzi: mwuza asali mbele ya duka linalojulikana katika nchi nyingi, na serikali ikasikiliza shauri lake. Haikulifunga duka. Haikulinyang'anya mali na kumpa mkwe wa waziri. Ilisema tu: mtauziana, lakini kwa haki. Hiyo ndiyo kazi tunayoitaka.

Sheria tunayo, fimbo hatuna

Je, Kongo haina sheria? Inayo. Tangu mwaka 1950 ilikuwapo amri juu ya ushindani usio wa haki. Mwaka 1961 ikaja sheria ya bei, ikarekebishwa mwaka 1983. Na tarehe 9 Julai 2018 nchi ilipata sheria mpya, nambari 18/020, juu ya uhuru wa bei na ushindani. Sheria hiyo yasema bei ni huru. Na papo hapo yakataza mapatano ya siri ya bei, na yamkataza mwenye kushika soko kuutumia vibaya ukubwa wake, au kumkandamiza yule asiyeweza kufanya biashara bila yeye. Tena yataka pawepo Tume ya Ushindani ya kuyachunguza hayo yote. Mnaona? Watunga sheria walifahamu vizuri: bei huru na mlinzi wa soko huenda pamoja.

Isitoshe, nchi yetu ni mwanachama wa COMESA, ambayo Tume yake ya Ushindani imefanya kazi tangu mwaka 2013. Na mwaka 2022 iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo nayo ina sheria yake juu ya jambo hili.

Lakini mkulima wa Jomba au wa Tongo apeleke malalamiko yake wapi? Ngoma ipo, fimbo ya kuipigia haipo. Tume ya Kinshasa hajapata kuiona. Hata jina la sheria hiyo hajalisikia, kwa maana iliandikwa kwa Kifaransa na hakuna aliyeileta sokoni kwa lugha ya watu. Kisha vita ikazidisha umbali: Bunagana ilianguka Juni 2022, Rutshuru na Kiwanja Oktoba 2022, Goma Januari 2025. Sisi hatuandiki hapa kuhukumu majeshi. Hilo lina mahali pake. Twasema tu kile ambacho kila mkulima anakijua: panapokosekana sheria inayosimama, soko halibaki tupu. Anaingia mwenye silaha, na rafiki yake mwenye gari. Wanaodhani kwamba serikali ikiondoka uhuru wa biashara utaongezeka, waje wakae kwetu msimu mmoja wa mavuno.

Panapotosha mmoja tu

Kuna jambo moja gumu, hatutaki kulificha. Pengine wawili hawawezekani. Mto ni mmoja, nguzo za umeme ni mstari mmoja. Ni ujinga kujenga mistari mitatu ya nyaya katika kijiji kimoja ili tu tuseme kuna ushindani.

Kwa miaka mingi umeme wa taifa ulikuwa wa SNEL, na vijiji vyetu vilikaa gizani. Sheria ya tarehe 17 Juni 2014 ilifungua mlango kwa makampuni mengine. Desemba 2015 mtambo wa Matebe, katika wilaya yetu hii hii, ukazinduliwa, wenye nguvu ya megawati zaidi ya 13. Ni wa Virunga Energies, kampuni iliyotokana na kazi ya hifadhi ya Virunga. Viwanda vidogo vya unga vikapata umeme, watoto wakasoma usiku. Hilo ni tunda la kufungua mlango, na mwenye haki atalisifu.

Lakini mahali ambapo kampuni ni moja tu, hata ikiwa njema, mteja hawezi kusema: "Bei yenu ni kubwa, nakwenda kwa mwingine." Hana mwingine. Kwa hiyo sheria ile ile ya 2014 ilitaka iwepo mamlaka ya kusimamia umeme, ya kutazama bei na kusikia malalamiko. Huo si uadui kwa kampuni. Kampuni njema hufaidika, maana bei iliyopimwa mbele ya wote haizai uvumi. Wema wa mwenye mali tuushukuru. Lakini haki ya maskini isitegemee wema huo peke yake, kwa sababu mwenye mali wa leo siye wa kesho.

Kanisa nalo halikunyamaza. Papa Pius XI, katika barua yake ya mwaka 1931, alionyesha kwamba ushindani ukiachwa bila sheria huishia kwa wachache kuwatawala wote. Papa Yohane Paulo II, mwaka 1991, aliitambua faida ya soko, akakubali pia kwamba serikali ina haki ya kuingilia kati pale ukiritimba unapozuia maendeleo. Tena akaionya serikali isiimeze kazi ya wananchi. Njia ni hiyo ya katikati.

Basi tufanye nini?

Kwa wenye mamlaka, popote walipo na wa kila upande, twasema: ondoeni bariere, ndipo mtakuwa mmefungua soko. Tengenezeni njia, maana kila gari jipya linalofika mlimani ni mshindani mpya. Kagueni mizani. Bei za Goma zitangazwe redioni kila juma, kwa lugha ya watu, ili mkulima asidanganywe na bei ya meza moja. Na ile sheria ya 2018 ipate masikio katika majimbo; tume isiyosikika nje ya Kinshasa ni jina tu.

Kwa wafanyabiashara wetu, ambao wengi ni Wakristu na huketi benchi la mbele: mali yenu hatuitamani. Nabii Amosi aliwakemea waliopunguza kipimo na kuzidisha bei, nao walikuwa watu wanaoshika siku za dini. Mkopo wa wakati wa njaa unaoyachukua mavuno yote si msaada.

Kwa sisi wakulima neno ni zito zaidi, maana serikali yaweza kuchelewa. Tusiuze maua. Shirika lenye sanduku la akiba, hata la franka kidogo kidogo kila Jumapili, laweza kumkopesha mwenzetu karo ya mtoto ili asubiri mavuno. Tukusanye kahawa na maharagwe pamoja, maana magunia mia moja humvuta mnunuzi wa pili na wa tatu, gunia moja halimvuti mtu. Lakini ushirika nao ukiwa na mwenyekiti asiyebadilika na daftari lisilosomwa mbele ya wote, utakuwa bwana mwingine tu. Daftari lifunguliwe kila mwezi, na kila mwenye gunia aone hesabu yake.

Jina zuri lisitudanganye. Kila mtu akikuambia soko la kwenu ni huru, mwulize swali moja dogo: "Nikikataa bei yako, nitamwuzia nani mwingine?" Akiweza kukuonyesha mtu huyo, amesema kweli. Akicheka na kunyamaza, ujue bado pana kazi ya kufanya, na kazi hiyo si ya soko. Ni ya sheria, ya wale waliopewa kuisimamia, na yetu sisi tunaopaswa kuidai bila kuchoka.